Mwenye nyumba na fundi rangi: Nani abebe hasara ya ukuta uliobanduka?

UGOMVI baina ya mwenye nyumba na fundi wa rangi si jambo geni kwa familia za Lushoto, na huzidi pale watu wanapotaka kuta zing'ae kabla ya Idi au harusi. Kazi humalizika, wageni husifu, fundi hudai ujira wake uliobaki. Miezi miwili baadaye rangi hufura mapovu na kubanduka vipande vipande, na ukutani hutokeza madoa meusi ya ukungu. Mwenye nyumba husema ametapeliwa, naye fundi husema rangi aliyoletewa ilikuwa mbovu. Mara nyingi kila mmoja ana sehemu ya ukweli, na hapo ndipo ulipo ugumu wa kuamua.

Hapana budi kwanza kuutazama ukuta wenyewe. Mji wa Lushoto uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ukungu wa Milima ya Usambara haufanani na jua la Tanga mjini. Lipu ya saruji huhitaji takriban wiki nne kukauka hata mahali pakavu. Huku milimani, wakati wa masika, huhitaji zaidi. Fundi aliyezoea kazi za Tanga au Korogwe akipanda na hesabu zake za siku, atapaka rangi juu ya ukuta ambao ndani bado una maji. Aidha, nyumba nyingi zimejengwa kwa kuchimba mteremko, na ukuta wa nyuma umeegemea udongo. Ukuta wa namna hiyo hautibiwi kwa rangi, hata ya bei ghali.

Basi ikiwa rangi imebanduka chini tu, karibu na sakafu, yaelekea unyevu unapanda kutoka msingini. Ikiwa ni ukuta wa nyuma peke yake, utazamwe udongo na njia ya maji ya mvua. Lakini ikiwa imebanduka kila mahali, na nyuma ya ganda lake pana unga wa chokaa ya zamani, hapo fundi ana la kujibu: ukuta haukukwanguliwa wala kupigwa msasa.

Swali linalofuata ni nani aliyenunua vifaa. Mwenye nyumba aliyenunua rangi mwenyewe ameajiri ufundi tu, na mkataba huo mafakihi huuita ijara. Fundi aliyechukua kazi pamoja na vifaa ameahidi kitu kilichokamilika, na mkataba wake unakaribia istisnaa. Wanazuoni wametofautiana kuhusu mali inayoharibika mikononi mwa fundi pasipo kosa lake. Ama uharibifu uliotokana na uzembe wake, huo ni juu yake. Lakini fundi aliyetahadharisha kwamba ukuta haujakauka, akaambiwa na mwenye nyumba "paka tu, wageni wanakuja", ana hoja nzito.

La kusikitisha ni kwamba wengi hukimbilia kuzuia ujira wote. Ikiwa vyumba vitatu vimepakwa vizuri na kimoja kimeharibika, ujira wa vile vitatu ni haki ya fundi. Hadithi iliyopokewa na Bukhari inamtaja mwenye kumtumikisha mtu kisha akamnyima ujira wake miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Wengine huenda polisi. Kuvunja mkataba peke yake ni madai, si jinai. Polisi ni mahali pa kwenda ikiwa upo ushahidi wa wizi au utapeli wa makusudi.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania huyatambua hata makubaliano ya mdomo. Kifungu cha 73 kinampa aliyepata hasara fidia, lakini huangaliwa pia njia alizokuwa nazo za kuipunguza hasara hiyo. Anayeuacha ukuta uoze mwaka mzima ili deni likue anajidhuru mwenyewe. Apige picha mapema, amwite fundi mwingine autazame, na ahifadhi stakabadhi za duka na ujumbe wa simu wa malipo. Hilo la simu ni muhimu hasa pale mume yuko Dar es Salaam akituma fedha, na mama wa nyumba ndiye anayesimamia kazi.

Suluhu ianzie kwa wazee na imamu anayewajua wote wawili. Ikishindikana, lipo Baraza la Kata, lililoundwa chini ya sheria ya mwaka 1985 kwa ajili ya kupatanisha watu, na baada yake Mahakama ya Mwanzo, ambayo husikiliza madeni yanayotokana na mkataba na huendesha mashauri kwa Kiswahili. Asiyejua pa kuanzia anaweza kumwona msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Yatakayokubaliwa yaandikwe mbele ya mashahidi, kama aya ya 282 ya Suratul-Baqara inavyoelekeza katika madeni: ukuta upi utarudiwa, nani atanunua rangi, nani atachimba mfereji wa kuondoa maji nyuma ya nyumba, na kiasi gani cha ujira kitalipwa sasa na kipi kitasubiri. Tarehe ya kurudia kazi iwekwe Januari au Februari, kabla masika hayajaanza mwezi Machi, na ukuta uachwe wazi kwanza mpaka wote wawili waushike kwa mkono na kuridhika kwamba umekauka.