KICHEKO CHA CHOONI: VITABU VINAWAFUNZA NINI WATOTO WETU?

  

Ndugu Waislamu, limeingia majumbani mwetu jambo ambalo wengi hulipuuza kwa kulidhania dogo. Ni vitabu vya hadithi vya watoto ambavyo mtaji wake wote ni choo: upepo unaomtoka mtu, kinyesi, mkojo na nguo za ndani. Aghalabu huja kwa Kiingereza, kwa njia ya maktaba za shule zinazosomesha kwa lugha hiyo, vitabu vya mitumba na filamu. Mzazi humwona mwanawe ameinamia kitabu huku akicheka, naye akafurahi kwamba mtoto anasoma. Haulizi anacheka nini.

Hatusemi kwamba kutaja najisi ni haramu. Anayesema hivyo hajafungua kitabu cha fiqhi, kwani mlango wa kwanza atakaoukuta humo ni wa tahara, nao hutaja kila kitokacho mwilini kwa jina lake. Salman Al-Farisi (r.a.), kama alivyopokea Imam Muslim, alidhihakiwa na washirikina kwamba Mtume wao anawafundisha kila kitu hata namna ya kwenda haja. Hakutahayari. Alikubali kwamba ni kweli, kisha akawataja mafundisho yenyewe moja baada ya moja. Dini yetu haina haya ya kufundisha. Tunachokipinga ni kumcheka mtu kwa kile ambacho humtoka kila mtu. Kicheko hicho ni chuo cha ukatili, na watoto wetu wameandikishwa humo bila sisi kujua.

VITABU VYENYEWE

Tuanze na mashuhuri kuliko vyote. Mwaka 1997 nchini Marekani, mwandishi na mchoraji Dav Pilkey alitoa kitabu cha kwanza cha mfululizo wa Captain Underpants, kilichochapishwa na kampuni ya Scholastic. Wanafunzi wawili, George na Harold, wanampumbaza mwalimu mkuu wao hadi anajidhania shujaa, akatoka mbio mitaani akiwa na chupi na pazia mgongoni. Mwaka 1999 kikafuata kitabu cha vyoo vinavyosema. Mfululizo huu umeuzwa nakala makumi ya mamilioni duniani, na mwaka 2017 ukatolewa filamu. Wala si Waislamu peke yao walioulalamikia. Katika orodha ya Chama cha Maktaba cha Marekani ya vitabu vilivyopingwa zaidi nchini humo, mfululizo huo ulishika nafasi ya kwanza mwaka 2012 na tena mwaka 2013.

Insafu yatulazimu kusema kwamba vitabu vinavyotaja choo si vya namna moja. Mwandishi wa Kijapani Taro Gomi alitoa mwaka 1977 kitabu cha watoto wadogo kinachoeleza kwamba kila kiumbe hula, na kwa hiyo kila kiumbe hunya. Hakuna anayechekwa humo, na mtoto hutoka amejifunza jambo la kweli. Kitabu cha Wajerumani Werner Holzwarth na Wolf Erlbruch, cha mwaka 1989, kinamsimulia fuko aliyeangukiwa na kinyesi kichwani, akawa anazunguka kwa wanyama kumtafuta aliyefanya hivyo. Mtoto hujifunza humo kinyesi cha kila mnyama kilivyo, lakini kisa kinaishia kwenye kisasi: fuko anamwangushia mbwa cha kwake, kisha anarudi ardhini ameridhika. Cha kwanza ni elimu. Cha pili kimechanganya elimu na kisasi. Captain Underpants umesimama juu ya kicheko cha kumvua mtu stara.

HOJA ZA WANAOVITETEA

Kwanza, wanasema vitabu hivi huwasomesha watoto wasiopenda kusoma, hasa wavulana. Hoja hii ina uzito. Pilkey mwenyewe utotoni alipata taabu ya kusoma na ya kutulia darasani, akawa anatolewa nje kwenye ujia, na huko ndiko alikoanza kuwachora mashujaa wake. Hatumdharau mtoto wa namna hiyo, kwani kila madrasa inaye. Lakini hoja hiyo yathibitisha tu kwamba watoto huvutwa na kicheko. Haithibitishi kwamba hakuna kicheko isipokuwa cha chooni. Watoto wa Waswahili wamecheka vizazi na vizazi kwa visa vya Abunuwasi na hila za Sungura, na kinachowachekesha humo ni akili ya mnyonge inayomshinda mwenye nguvu.

Pili, wanasema vitabu hivi humcheka mkubwa mwenye kiburi, si mdogo. Basi na tukitazame kitabu cha nne cha mfululizo huo, cha mwaka 2000. Anaingia mgeni, mwanasayansi hodari anayetoka nchi ambayo watu wake wote wana majina ya kuchekesha. Jina lake ni Profesa Poopypants, na jina hilo ni la kinyesi na nguo. Amekuja Marekani na uvumbuzi wake, lakini kila mlango anaobisha anachekwa kwa jina lake, hata alipopata kazi ya ualimu wanafunzi wakamcheka mpaka akapagawa na kuwa adui. Kisa chenyewe chakiri kwamba kicheko ndicho kilichomharibu mtu huyu. Lakini kitabu hichohicho kinampa msomaji jedwali la kutengenezea majina ya kipuuzi, ajibandike yeye na awabandike wenzake. Allah (s.w.) katika Suratul Hujurat, aya ya 11, amewakataza waumini kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya. Je, mtoto wetu anayeishi ugenini, ambaye jina alilopewa na babaye hulipotoa darasani na wenziwe, asimame upande gani wa kitabu hiki?

Tatu, watasema kwamba hata Waswahili husema mambo ya choo. Kweli. Wahenga walisema: nyani haoni kundule. Wakasema pia: kunya anye kuku, akinya bata, kaharisha. Lakini tazama mshale unaelekea wapi. Methali ya kwanza yampiga mwenye kujisahau akamcheka mwenziwe. Ya pili yampiga hakimu mwenye upendeleo. Wahenga walitaja uchafu ili kumrudisha mwenye kucheka kwenye nafsi yake.

ALIVYOKEMEA MTUME (S.A.W.)

Jambo hilohilo lilikwisha kusemwa juu ya mimbari. Amepokea Abdullah bin Zam'ah (r.a.), katika hadithi waliyoipokea Al-Bukhari na Muslim, kwamba alimsikia Mtume (s.a.w.) akihutubia. Alimtaja ngamia wa Nabii Saleh na yule mwovu aliyemuua. Kisha akawakemea wanaume wanaowapiga wake zao. Kisha akawaonya watu juu ya kumcheka mtu aliyetokwa na upepo, akawauliza kwa nini mtu acheke jambo analolifanya yeye mwenyewe.

Ndugu msomaji, zingatia mpangilio wa hotuba hiyo. Aliyemuua ngamia wa Mwenyezi Mungu, anayempiga mkewe, na anayemcheka aliyeponyokwa na upepo wametajwa katika kikao kimoja. Wote watatu wamemkuta kiumbe asiyeweza kujitetea, wakamtenda vibaya.

Na mafundisho ya Mtume (s.a.w.) ya vitendo yalikwenda sambamba na hayo. Bedui alipokojoa msikitini, Sahaba walimwinukia, naye Mtume (s.a.w.) akawazuia mpaka alipomaliza, akaamuru ndoo ya maji imwagwe, kisha akamfundisha kwa upole. Na katika hadithi aliyoipokea Abu Dawud kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.), anayetengukwa na udhu ndani ya sala ameelekezwa ashike pua yake ndipo aondoke. Wanavyuoni wameeleza hekima yake: watu wadhani ametokwa na damu ya pua, stara yake isalimike. Sheria imemtafutia mtu njia ya kutoka bila fedheha kwa jambo la upepo tu!

KINACHOTUPATA

Mtu atasema, ni mchezo wa watoto. La, si mchezo kwa anayechekwa. Mtoto aliyejikojolea darasani akachekwa huenda asirudi kesho yake. Na kicheko alichojifunza mtoto wa miaka minane hukua pamoja naye. Humcheka mzee asiyeweza tena kuzuia mkojo. Humcheka mwanamke aliyepata fistula kwa uchungu wa uzazi uliorefuka kupita kiasi, akawa anatokwa na mkojo asiweze kuuzuia. Maradhi hayo hutibika kwa upasuaji, na Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam huyatibu, lakini anayeogopa pua na macho ya watu hujifungia ndani. Fiqhi imempa mwenye udhuru huyu hukumu yake: ajisafishe, ajifunge kitambaa, atawadhe kila unapoingia wakati wa sala ya faradhi, aswali na wenziwe. Sheria imemfungulia mlango wa ibada. Nani basi amempa jirani yake ruhusa ya kuufunga kwa kicheko?

Wala tusiwanyooshee kidole waandishi wa Marekani tukajisahau, tukawa nyani wa methali. Wako walimu wa madrasa humu mwetu wanaomsimamisha mtoto aliyejichafua mbele ya wenziwe ili "apate adabu". Mwalimu huyo hajapata kukiona kitabu cha Captain Underpants, lakini somo analolitoa ni lilelile, tena amelitoa akiwa na Msahafu mbele yake. Hilo ni baya zaidi.

TUFANYE NINI?

Mzazi akisome kitabu kabla ya mtoto au pamoja naye. Akikutana na kicheko cha namna hii asinyang'anye kitabu kwa kelele, bali amuulize mwanawe: huyu anayechekwa, angelikuwa wewe? Madrasa zifundishe adabu za kukidhi haja waziwazi, na hadithi ya Abdullah bin Zam'ah iwe sehemu ya somo hilo. Vyoo vya madrasa viwe na maji na milango inayofungika, kwani huwezi kuhubiri stara kwa mtoto uliyemnyima mlango.

Na wenye kalamu waandike. Mtume (s.a.w.) alikuwa na mzaha, wala hasemi ila kweli. Alimtania mtoto Abu Umayr juu ya ndege wake mdogo kwa maneno yanayowiana na jina la mtoto huyo, mzaha usiomvunjia mtu heshima. Tukiwakataza watoto kicheko kibaya bila ya kuwapa kizuri, watakifuata kile kibaya kwa siri.

Tunamuomba Allah (s.w.) azisitiri aibu zetu duniani na Akhera, na awajaalie watoto wetu kuwa wenye kuwasitiri wenzao. Amin.