Neno la mwezi huu: «Versatile» si tusi

Mwezi huu tunafungua neno moja la Kiingereza ambalo karibu liharibie kijana wa jirani yangu kazi.

Kijana huyo ni sudere. Mkataba wake ulipoisha kwenye kampani moja, mkubwa wake alimwandikia barua ya ushuhuda kwa Kiingereza: «a reliable and versatile worker». Baba yake, mzee aliyesoma Kifaransa vizuri, akaiona. Usiku ule akakuja kwangu na hasira.

«Mwalimu, ona! Muzungu anasema mutoto wangu iko versatile. Mutu wa kugeuka-geuka! Iyi barua tutaipasula.»

«Hapana, baba. Ikala kwanza.»

Mzee hakukosa kwa ujinga. Kwa Kifaransa «versatile» ni mtu asiye na msimamo: asubuhi anakubali, mangaribi anakana. Maneno haya mawili yana mama mmoja, Kilatini, neno la kugeuza. Mfaransa aliangalia moyo unaogeuka. Mwingereza aliangalia mikono inayogeuka toka kazi moja mpaka ingine. Kwa Kiingereza ni sifa kubwa: fundi wa mambo mengi. Sudere wetu anaunga chuma, na pompi ikikufa anaifungua, anaitengeneza. Waingereza wanalitamka «va-sa-tail».

Sifa ile ile, kwa Kifaransa, inaitwa «polyvalent». Vijana, mushike hapo! Tangu sheria ya madini ya 2002, kampani nyingi za kigeni zimeingia kwetu, na barua za kazi zinaandikwa kwa luga mbili. Karatasi ya Kifaransa, andika «polyvalent». Ya Kiingereza, «versatile». Ukichanganya, patro anayesoma Kifaransa atakuogopa bure.

Musilichanganye tena na «flexible». Huyo ni mtu anayekubali kubadilishiwa saa za kazi, hata kama anajua kazi moja tu. (Wakubwa wengine wanapenda «flexible» kupita «versatile», na sisi tunajua sababu.)

Hata kitu kinaweza kuitwa «versatile». Muhogo, kwa mfano: majani ni sombe, unga unaingia katika bukari, na mizizi ya muhogo mtamu unaweza kuichemsha tu.

Katika Biblia pia wako. Mtume Paulo alihubiri, na kule Korinto alifanya kazi ya kushona mahema, soma Matendo 18. Huyo ni «versatile» wa Kiingereza. Yule wa Kifaransa utamkuta katika barua ya Yakobo, sura ya 1, pale anaposema juu ya mtu wa nia mbili.

Mzee alisikiliza yote, kisha akacheka kwa haya. Njiani alikuwa amekwisha kupasua kipembe cha juu. Tulikibandika na skochi, na kesho yake kijana akapeleka barua hivyo hivyo.