MPIRA KWANZA, SAA BAADAYE



Katika gazeti letu hili tumekwisha kusoma mengi juu ya usafi, juu ya bidii na juu ya Exetat. Leo nataka kusema juu ya kitu kinachowaleta wengi wetu masomoni kila asubuhi na ambacho hakuna anayekitazama: mpira wa pikipiki, ile pine, kama tunavyosema njiani. Neno langu ni moja tu. Mwanafunzi asipande pikipiki kabla ya kuangalia mipira yake, na kama mpira umekwisha, asipande, hata kama atachelewa.

Najua wengine watacheka na kusema: "Doyen amekosa habari." Muwe na subira kidogo.

Huko Ulaya kuna watu wanaosafiri mbali kwa pikipiki kubwa. Wanatoka Ujerumani, wanapanda milima ya Alpes, wanashuka Italia, mamia ya kilomita kwa siku moja. Mipira yao si ya mashindano, wala si ya kwendea sokoni tu. Ni ya katikati: lazima ishike lami kwenye kona, na tena idumu safari ndefu. Sasa ajabu ni hii: watu hao wakikutana, wanaweza kuacha habari ya injini na kukaa saa nzima wakizungumza juu ya mipira. Mmoja anasema mpira wake wa nyuma ulidumu kilomita 8,000, mwingine 15,000. Mmoja anasifu jinsi mpira ulivyoshika wakati wa mvua. Mwingine analalamika kwamba wake umekuwa bapa katikati kama meza, kwa sababu alifuata sana barabara zilizonyooka, na sasa pikipiki haikubali kulala vizuri kwenye kona.

Kwa nini wanahangaika hivyo? Kwa sababu wanajua hesabu. Pikipiki nzima, na mzigo, na watu, inagusa njia mahali pawili tu, na kila mahali ni kama upana wa kiganja cha mkono. Nguvu yote ya injini inapitia hapo. Nguvu yote ya breki inapitia hapo. Breki inasimamisha gurudumu, lakini mpira ndio unaosimamisha pikipiki.

Hata viwanda vinafanya kazi kubwa juu ya jambo hili. Mwaka 2007 Michelin ya Ufaransa ilitoa mpira ulioitwa Pilot Road 2, wenye mpira mgumu katikati ili usiishe upesi, na mpira laini pembeni ili ushike kwenye kona. Mwaka 2011 ikatoa Pilot Road 3, wenye mikato mingi myembamba ya kuondoa maji. Sheria nayo iko: Ujerumani mistari ya mpira wa pikipiki isipungue kina cha milimita 1.6, na Uingereza milimita 1. Chini ya hapo, mpira ni wa kutupa.

Sasa tugeuke tutazame kwetu Butembo. Hapa ni mlima na bonde, lami kidogo, udongo mwingi, na mvua ikinyesha njia inakuwa sabuni. Motari anabeba abiria wawili, pengine watatu, na mifuko yetu ya vitabu. Mpira wa nyuma unang'aa kama kipara cha mzee. Ukimwuliza, anajibu: "Eh, mwanafunzi, hii pine iko bado nguvu. Itamaliza mwezi." Pengine pikipiki si yake, kila jioni anampelekea mwenyewe pesa. Motari anasema mwenye pikipiki ndiye wa kununua mpira. Mwenye pikipiki anasema motari ndiye anayeumaliza. Fahali wawili wakipigana, nyasi ndizo huumia, na hapa nyasi ni sisi tunaokaa nyuma.

Wengine watasema: "Hayo ni mambo ya wazungu wenye pesa." Sikubali. Mpira si kitu kigeni kwetu. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama huko Belfast, alipata hati ya mpira wenye kujazwa upepo. Baada ya hapo dunia nzima ikatafuta utomvu wa mpira, na katika Kongo ya Leopold II, iliyodumu tangu 1885 mpaka 1908, watu wengi walilazimishwa kwa bunduki na kwa kiboko kuutafuta msituni, na wengi walikufa. Nchi iliyolipa mpira kwa damu haiwezi kusema kwamba mpira ni habari ya wengine.

Ni kweli kwamba mipira yao haitufai. Ni mipana mno kwa pikipiki zetu, tena imetengenezwa kwa lami. Katika matope yetu ingeteleza. Basi tusiige mpira wao, tuige desturi yao: kuutazama, kuuhesabia siku zake, na kuubadili kabla haujatuangusha.

Kuangalia si kazi ngumu. Kwanza, tazama mistari. Katika mipira mingi, ndani ya mistari kuna vinundu vidogo, na pembeni pameandikwa TWI. Kama mpira umelika mpaka ukalingana na vinundu hivyo, umekwisha. Tena usidanganywe na mistari iliyochongwa upya kwa kisu: kisu hakiongezi mpira, kinapunguza ule kidogo uliobaki. Pili, tafuta nyufa na nyuzi zilizotokea nje. Pembeni kuna pia tarakimu nne: 2319 maana yake mpira ulitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Mpira unazeeka hata kama haujatembea sana. Tatu, tazama upepo. Mpira usio na upepo wa kutosha unajikunja kila unapozunguka, unapata moto na kuharibika upesi. Na usisahau mpira wa mbele. Watu husema, "Wa mbele haubebi mzigo." Lakini ukifunga breki, uzito mwingi unakimbilia mbele, na mpira wa mbele ukiteleza usukani hauna kazi tena.

Neno la pesa ni gumu, nalo si la kufichwa. Mpira mpya ni pesa ya kazi ya siku nyingi kwa motari. Abiria anayepigania kupunguziwa franka za mwisho hawezi kudai mpira mpya siku ile ile. Kwa hiyo ninawaomba wazazi wanaolipa motari kwa mwezi: mnapopatana bei, patana na mpira pia, na mkubali kuongeza kidogo. Sisi wanafunzi nasi tuna nguvu moja. Asubuhi tuko wengi. Motari mwenye mipira mizuri tumpe kazi, tumwambie na sababu. Wengine watasikia upesi kuliko wakisikia mahubiri yetu.

Walimu wetu wa fizikia nawaomba jambo moja: somo la msuguano lifanyike siku moja pale langoni, mbele ya pikipiki mbili, moja yenye mpira mzima na moja yenye kipara. Tutalikumbuka kuliko ubao.

Linabaki neno la kuchelewa, na hili ndilo kubwa. Mwanafunzi anaona mpira umekwisha, lakini anaogopa saa. Anajua langoni kuna daftari, na jina lake litaandikwa, na jioni atafyeka majani. Basi anapanda. Mwenye kushika daftari hilo ni mimi, kwa hiyo ninaweza kusema waziwazi: adhabu yetu ni nzuri kwa mvivu, lakini haifai kumsukuma mtoto juu ya pikipiki mbaya. Ninamwomba Direkta wa nidhamu akubali kanuni hii: mwanafunzi aliyekataa pikipiki yenye mpira uliokwisha akaja kwa miguu, aseme hivyo langoni, na jina lake lisiandikwe kwa kuchelewa kwa nusu saa. Kama kuna wajanja watakaotumia kanuni hii kusema uongo, tutawajua kwa siku chache tu. Viatu vya mtu aliyetembea vinaonekana.

Nusu saa ya hesabu inaweza kuazimwa katika daftari la mwenzako. Mguu hauazimwi.

Doyen wa wanafunzi, mwaka wa mwisho