Stakabadhi Iliyobaki Kaunta

"Umefunga dirisha, basi umetoka." Niliambiwa hivyo kwenye steshenari moja ya Nyabibuye, wilayani Kakonko, na kijana aliyekuwa ametoka kumjazia binti mmoja maombi ya mkopo wa chuo. Binti keshalipa, keshaondoka. Nikamwomba kijana abonyeze Ctrl, Shift na T kwa pamoja. Ukurasa ukarudi mzima: jina, namba ya mtihani wa kidato cha nne, simu ya mzazi. Akacheka. Mimi, ambaye kutengeneza mifumo ya namna hiyo ndiyo kazi yangu, nilimwomba abofye "Toka" kabla ya kufunga tena.

Seva haina kumbukumbu. Kila ombi linaloifikia ni mgeni kabisa. Ndiyo maana mwaka 1994 Lou Montulli wa Netscape alibuni kuki: ukishaingiza nywila, seva hukupa namba, na kivinjari huionyesha kila unapobofya. Ni kama stakabadhi ya mzigo stendi. Anayeileta ndiye anayepewa begi, hata kama si lake. Kufunga dirisha hakuichani. Umeme ukikatika ndiyo balaa, maana mashine ikiwaka tena kivinjari chenyewe huuliza kama kirudishe kurasa za awali.

"Nitabadili nywila, wote watoke." Inategemea fundi. Nywila hutumika mlangoni. Walioko ndani wanatembea na stakabadhi. Fundi makini hufuta vikao vyote, yaani stakabadhi zote zilizokwisha tolewa, kwenye seva nywila inapobadilika. Mvivu hubadili nywila tu, akaenda kunywa chai. Hata "Toka" ina wavivu wake: kuki inafutwa kwenye kivinjari, lakini aliyeinakili namba ile bado anapokelewa na seva. (Niliwahi kuandika moja ya aina hiyo. Sijivunii.)

"Mbona kuna kufuli pale juu, penye anwani ya tovuti?" Kufuli hulinda njia. Mwaka 2010 Eric Butler alitoa Firesheep, programu iliyoonyesha jinsi kuki zinavyookotwa kwenye waifai ya wazi, na kufuli ndilo lililoziba tundu hilo. Nani anakalia kiti baada yako, halijui.

Dai linaloniudhi hasa ni la mafundi wenzangu wa mjini: kikao kife baada ya dakika 5, mtu atakuwa salama. Waje wapakie cheti cha kuzaliwa kwa mtandao wa huku, unaosuasua tangu asubuhi. Kikao kinakufa cheti kikiwa njiani, fomu inarudi tupu. Kumbe ingetosha kuhifadhi fomu kila hatua, kisha kudai nywila upya pale tu mtu anapotaka kubadili namba ya simu au ya akaunti ya benki. Akishafukuzwa mara tatu, mteja huacha nywila yake kwa kijana ili ajaziwe usiku, mtandao ukiwa mwepesi. Kijana alinionyesha kaunta buku lake, pembe zimejikunja kwa kushikwashikwa. Kila mstari una jina, nywila, na kiasi ambacho mtu bado anadaiwa.