Pimeni Kusubiri Kwetu, Msihesabu Magari Tu

Ndugu wafanyakazi,

Kiwandani kuna kipimo kimoja ambacho kila mtu anakijua, nacho ni saa ya langoni. Ukipiga kadi dakika kumi baada ya saa moja asubuhi, karani anaandika, na mwisho wa mwezi mshahara unakatwa. Shambani ni hivyo hivyo: nyapara akishagawa mistari, aliyechelewa anarudishwa nyumbani bila kibarua. Hakuna anayeuliza umesimama barabarani tangu saa ngapi. Kuchelewa kwa mfanyakazi kunapimwa mpaka dakika, lakini kuchelewa kwa gari hakupimwi kabisa. Je, hiyo ni haki?

Fedha ambazo serikali inatumia kwa usafiri ni fedha za kodi, na sisi ni walipa kodi. Kila mwaka tunatangaziwa kwamba kilometa fulani za barabara zimejengwa na mabasi fulani yamenunuliwa. Hizo ni hesabu za vitu. Hazisemi kama mchuma chai amefika mapema, wala kama mama wa zamu ya usiku amerudi kwake salama. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba hata daftari likiwepo, likiandikwa jambo lisilofaa, mali itapotea vile vile.

Chukueni mfano mdogo. Steji moja inapata mabasi sita kwa saa. Yakija moja kila dakika 10, abiria atasubiri dakika 5 kwa wastani. Yakija mawili kwa pamoja kila dakika 20, wastani utakuwa dakika 10. Mabasi ni yale yale sita, na mafuta ni yale yale, lakini kusubiri kumekuwa mara mbili. Anayehesabu mabasi ataandika kwamba mambo ni mazuri. Anayepima kusubiri ataona ubovu siku hiyo hiyo.

Huko London jambo hili linajulikana. Mabasi yanaendeshwa na kompani za binafsi kwa mkataba na mamlaka ya usafiri ya mji. Katika njia zenye mabasi mengi, mamlaka inapima dakika ambazo abiria anasubiri zaidi ya zile ambazo angesubiri kama mabasi yangekuja kwa utaratibu. Mwaka 2001 ilianza mikataba ambayo kompani ikifanya vizuri inaongezewa malipo, na ikifanya vibaya inakatwa. Marekani nayo, mashirika ya usafiri yanayopokea fedha za serikali kuu hupeleka hesabu za abiria, saa na maili, na hesabu hizo hutumika katika kugawa fedha. Sheria ya mwaka 2012 ikaongeza kwamba mashirika hayo yaweke malengo juu ya hali ya magari, reli na majengo yao, yasiachwe yachakae.

Tusiende mbali sana. Jirani zetu wa Dar es Salaam walipata mabasi ya mwendokasi mwezi Mei 2016, yenye njia yake ya kilometa karibu 21, kutoka Kimara mpaka Kivukoni pamoja na matawi yake. Mwaka 2018 mji huo ulipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri, na ulistahili. Lakini baadaye mabasi yalikuwa machache kuliko watu, na foleni za abiria vituoni zikawa ndefu. Njia haikufupika hata hatua moja. Aliyepima saruji aliona ushindi, na aliyesimama kituoni aliona taabu.

Hapa kwetu Uganda taksi ya viti 14 haiondoki mpaka ijae. Ukihesabu watu kwa kila safari, taksi hiyo ni hodari kuliko basi lolote. Lakini nani amehesabu nusu saa ya wale waliokaa ndani wakingoja? Nani amehesabu waliopitwa njiani kwa sababu gari limejaa? Hao hawamo katika daftari la mtu yeyote.

Hata hivyo tuwe waangalifu, maana kipimo ni kama panga: hulima na hukata. Kwanza, fedha zikifuata wingi wa abiria peke yake, barabara ya mashambani itanyimwa kila mwaka, kwa sababu watu wake ni wachache. Kwa hiyo pawe na kipimo cha pili, cha kuuliza ni vijiji na kambi ngapi za wafanyakazi zinafikiwa. Pili, kipimo kisiwe fimbo ya kumchapa dereva. Dereva na konda ni wafanyakazi wenzetu. Wakilipwa kwa wingi wa safari tu, watakimbiza gari, na tutafika hospitali badala ya kazini. Anayepaswa kujibu ni mwenye mkataba na mwenye fedha.

Wengine watasema kupima ni kazi ya wasomi. Mimi niliishia shule ya msingi, lakini kusoma saa na kuandika namba ninaweza, na ninyi mnaweza. Napendekeza kila tawi lichague steji moja na kununua daftari moja. Kwa wiki mbili, wanachama waandike: saa waliyofika, saa gari lilipoondoka, magari mangapi yalipita yamejaa, na nauli waliyolipa. Katibu wa tawi ajumlishe, na nakala ziende mahali pawili.

Nakala ya kwanza iende kwa baraza la wilaya. Bajeti husomwa mwezi Juni, lakini makisio huanza kuandaliwa miezi mingi kabla, kwa hiyo tusingoje Juni. Nakala ya pili iwekwe mezani siku ya mazungumzo na mwajiri. Akitutolea kadi za waliochelewa, nasi tumtolee daftari la magari yaliyochelewa. Hapo tutazungumza juu ya gari la kompani au juu ya kufuta makato.

Wamezoea kutupima sisi. Sasa na sisi tuanze kupima.

Umoja ni nguvu.