Dirisha la wazee lipo, lakini mzee hafiki dirishani

Ukienda zahanati au kituo cha afya, mara nyingi utaona tangazo ukutani: mzee apishwe, atibiwe kwanza. Vituo vingine vina dirisha la wazee. Ni jambo jema. Lakini mfikirie bibi wa miaka 78 anayeishi Mzenga au Vikumburu, wilayani Kisarawe, ambaye kiharusi kimempooza upande mmoja. Nani atampisha kwenye foleni, wakati hata kwenye foleni hafiki?

Katika makala hii tunaeleza kwa nini msaada wa afya kwa wazee wa Kibaha na Kisarawe unaishia mlangoni mwa kituo, nani anaubeba mzigo unaobaki nyumbani, na nini kinaweza kubadilika.

Haki ipo, lakini ina masharti

Tanzania Bara ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003. Kwa sera hiyo, mzee ni mtu mwenye miaka 60 au zaidi. Sera ya Afya ya 2007 nayo inasema wazee wa umri huo wasio na uwezo watibiwe bila malipo katika vituo vya serikali.

Maneno ya kuangalia hapo ni "wasio na uwezo". Si kila mwenye mvi anatibiwa bure. Lazima atambuliwe na uongozi wa kijiji au mtaa, jina lifike halmashauri kwenye ustawi wa jamii, ndipo apate kitambulisho. Mzee asiyetembea hawezi kufuatilia hayo mwenyewe. Asipokuwa na mtu wa kumfuatilia, anabaki nje ya orodha, ingawa ndiye hasa aliyelengwa.

Na hata mwenye kitambulisho anasamehewa malipo ya kituoni tu. Dawa ikikosekana, anaandikiwa akanunue duka la dawa, na huko kitambulisho hakisaidii.

Nauli huja kabla ya dawa

Ukitazama ramani, utaona wilaya hizi ziko karibu na Dar es Salaam. Kibaha iko kando ya barabara ya Morogoro, kiasi cha kilomita 40 kutoka jijini, na ndiko iliko hospitali ya rufaa ya mkoa wa Pwani, Tumbi. Kisarawe mjini kuna hospitali ya wilaya. Lakini anayeishi Maneromango, Marui au Mafizi haishi mjini. Mvua zikinyesha, barabara ya vumbi inageuka tope.

Mzee aliyepooza hawezi kupanda bodaboda peke yake. Anahitaji mtu wa kumshika kwa nyuma, au gari la kukodi. Nauli hiyo haimo katika msamaha wa matibabu. Familia ikipiga hesabu, inaamua kusubiri kwanza, na mgonjwa anafikishwa hospitali hali ikiwa imeshakuwa mbaya.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inatoa matumaini, kwa sababu imeweka utaratibu wa wasio na uwezo kugharamiwa. Lakini bima inalipia matibabu kituoni. Safari ya kwenda kituoni bado ni ya familia.

Nani anabaki na mzee?

Ukaribu wa Dar es Salaam una upande wake wa pili. Vijana huenda jijini, au kwenye viwanda vya Kibaha, kutafuta kazi. Wengi hawajawatupa wazazi wao. Hutuma pesa kwa simu. Pesa ya simu inanunua dawa, lakini haimgeuzi mgonjwa kitandani usiku.

Anayebaki kumgeuza mara nyingi ni mwanamke: binti, mkamwana au mjukuu. Wakati mwingine ni bibi wa miaka 70 anayemtunza babu wa miaka 80, na yeye mwenyewe magoti yanamuuma. Shamba la mihogo linaota majani. Mjukuu anakosa shule siku za kliniki. Hakuna anayewalipa, na kwa kawaida hakuna aliyewafundisha jinsi ya kumwinua mgonjwa bila kujiumiza mgongo.

Sera ya 2003 inasema wazi kwamba familia ndiyo msingi wa matunzo ya mzee. Makazi ya wazee ya serikali, kama yale ya Nunge, Kigamboni, ni kimbilio la mwisho kwa asiye na wa kumtunza. Hilo hatulipingi. Kumtunza mzazi ni wajibu na ni baraka. Lakini familia iliyopewa wajibu huo peke yake, bila maarifa wala msaada, nayo inachoka, na uchovu huo humrudia mzee mwenyewe.

Ugonjwa unaoingia kimyakimya

Mzigo huu mara nyingi huanza na presha isiyojulikana. Utafiti uliofanyika vijijini wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa 2013, uliwapima watu wa miaka 70 na zaidi. Takribani 7 kati ya 10 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakujua. Hai si Pwani, lakini presha ina tabia ileile kila mahali: haiumi, kwa hiyo mtu haendi kupima, hadi siku kiharusi kinapomwangusha.

Kupima presha kunachukua dakika chache, tena kunaweza kufanyika barazani. Kipimo hicho kingemfuata mzee nyumbani, baadhi ya familia zisingefika kwenye hatua ya kumlisha na kumwogesha mtu aliyepooza.

Msaada unaweza kufika nyumbani

Zanzibar wameonyesha njia moja. Tangu Aprili 2016, kila mzee wa miaka 70 na zaidi anayetimiza masharti ya ukaazi hupata Pensheni Jamii, hata kama hakuwahi kuajiriwa. Ilianza na Sh20,000 kwa mwezi, na baadaye kiwango kikaongezwa. Si fedha nyingi, lakini inaweza kulipia bodaboda au sabuni bila mzee kuomba. Tanzania Bara haina pensheni ya wazee wote ya namna hiyo. Kaya maskini sana husaidiwa kupitia TASAF.

Njia ya pili imeshaanza Bara. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukilenga wahudumu 137,294 nchi nzima, wawili kwa kila kitongoji au mtaa. Hawa ndio wanaopita nyumba kwa nyumba. Kazi yao mara nyingi huonekana zaidi kwa mama wajawazito na watoto. Tunaona mzee asiyetoka ndani naye awe kwenye daftari lao: apimwe presha, dawa zake ziangaliwe, na anayemtunza aelekezwe. Hapo huduma itakuwa imevuka mlango wa kituo.

Unachoweza kufanya sasa

Kama una mzee nyumbani, usisubiri. Muulize mwenyekiti wa kitongoji kama jina lake limo kwenye orodha ya msamaha wa matibabu. Kama halimo, peleka taarifa kwa mtendaji wa kijiji na umwombe afisa ustawi wa jamii amfuate mzee alipo. Mwite mhudumu wa afya wa kitongoji chenu aje amwone.

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza, mgeuzeni kila baada ya saa mbili hivi ili asipate vidonda vya kulalia. Dawa ya presha isiachwe kwa sababu mzee anajisikia nafuu; nafuu hiyo imeletwa na dawa.

Na ninyi mlio mjini, mkituma pesa ya dawa, ulizeni pia nani alikesha na mzee. Pangeni zamu, hata ya siku mbili kwa mwezi, ili dada au mkamwana aliyebaki kijijini apate kwenda shambani, au alale usiku mmoja bila kuamshwa.

Uchaguzi wa viongozi wa vijiji ukifika, na kila mkutano mkuu wa kijiji unapoitishwa, swali hili liulizwe kwa sauti: katika kijiji chetu, wazee wangapi hawatoki ndani, na mara ya mwisho walitembelewa lini? Kijiji kisichojua idadi yao hakiwezi kudai huduma kwa ajili yao.