Mwanajeshi karudi, mtoto hamjui

Kila kikosi chetu kikiondoka kwenda kulinda amani tunaonyeshwa kwenye televisheni. Gwaride, bendera inakabidhiwa kwa kamanda wa kikosi, kiongozi anasema maneno ya kutia moyo, ndege inaruka. Wakirudi kwenye majeneza, kama wale 7 wa Darfur mwaka 2013 au wale 14 tuliowaaga Desemba 2017 baada ya shambulio la Semuliki, taifa zima linasimama. Ndivyo inavyopaswa.

Lakini wengi, tumshukuru Mungu, wanarudi wakiwa hai. Wanashuka kwenye ndege, wanapewa mapumziko, wanabeba begi wanakwenda nyumbani. Hapo ndipo habari inakatika, na hapo ndipo mimi nataka kuanzia.

Tanzania imepeleka wanajeshi Lebanon, Darfur, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kongo. Kongo ndiko kwenye uzito zaidi. Mwaka 2013 Baraza la Usalama lilipitisha Azimio 2098 na kuunda brigedi maalumu ya sisi, Afrika Kusini na Malawi. Vijana wetu hawakwenda kusimama getini wakiangalia magari yanapita, walikwenda kupigana. Kikosi kinakaa huko kama mwaka mzima, halafu kinabadilishwa.

Sasa chukua mwaka huo uupime kwa umri wa mtoto. Ulimwacha ana miezi 8, anatambaa. Unamkuta anakimbia, na anakukimbia wewe. Analia ukimshika, anajificha nyuma ya kanga ya mama yake, usiku anataka "huyu mtu" atoke chumbani. Wa kwanza, mwenye miaka 12, mwaka mzima ndiye amekuwa baba wa nyumba: anafunga mlango usiku, anajua deni la dukani, anawapeleka wadogo zake shule. Leo anaingia mtu anamwambia kaa chini, wewe ni mtoto. Mama naye kodi kalipa, fundi wa paa kamtafuta, vikoba kacheza, ugomvi na mwenye nyumba kaumaliza. Anampenda mumewe, ndiyo, ila utaratibu wa nyumba umeshabadilika na yeye ndiye aliyeubeba.

Na huyo baba karudi na yake. Pikipiki ikipiga exozi mtaani anashtuka. Halali. Amezoea kutoa amri na amri ikatekelezwa papo hapo, sasa anamwamuru mtoto wa miaka 4 avae viatu na mtoto anacheka. Wengine wanaishia kwenye mkanda, wengine baa, na wengine wanakaa kimya sebuleni mpaka likizo inaisha na wanashukuru kurudi kambini. Na tusisahau kwamba siku hizi anayeondoka anaweza kuwa mama. Mtoto kalelewa na bibi mwaka mzima, mama anarudi anakuta anaitwa shangazi.

Haya si mambo ya "uzungu" kama wanavyopenda kutuambia. Ni kweli, waliokwenda mbali kuyafanyia kazi ni Wamarekani, kwa sababu vita vya Iraki na Afghanistan viliwarudishia wazazi wengi namna hii. Kule Minnesota, watafiti wa chuo kikuu walitengeneza mafunzo ya wiki 14 kwa wazazi waliorudi vitani, wakayapima kwa familia 336 za askari wa akiba. Wanachofundisha ukikisikia utasema mbona ni kawaida: namna ya kumpa mtoto agizo moja linaloeleweka badala ya kufoka, kumsifia akifanya vizuri, kutuliza hasira zako kwanza kabla hujamwadhibu, na wazazi wawili kukubaliana kabla ya kuongea na mtoto. Walipofuatilia baadaye, waliopitia mafunzo walikuwa wanalea vizuri kuliko ambao hawakupitia, na hilo lilionekana kwa watoto pia.

Kilichonivutia mimi ni kwa nini walianza na askari wa akiba. Hawa hawakai kambini. Wanaishi mtaani, mwalimu hajui baba wa mtoto huyu alikuwa wapi, jirani hajui. Sasa linganisha na askari wetu aliyepanga uraiani, Gongo la Mboto au Mbagala, vyumba viwili na choo cha kushirikiana. Mwalimu anaona tu mtoto kaanza kupigana darasani, anampa viboko, basi.

Watasema hela hakuna. Umoja wa Mataifa huirudishia nchi gharama za kila mwanajeshi inayemtoa. Kuanzia Julai 2018 kiwango kilikuwa dola 1,428 kwa mwezi, na hela hiyo inaingia serikalini, siyo mfukoni kwa askari. Kwa mwaka ni dola 17,136 kwa kichwa. Najua ina kazi zake: mishahara, posho, sare, maandalizi. Sisemi iguswe hiyo. Nasema asilimia moja tu yake ni dola 171, na dola 171 kwa familia inatosha kumlipa ofisa ustawi wa jamii au mnasihi akae na wazazi hawa siku mbili kabla hawajatawanyika, halafu awarudie baada ya miezi mitatu. Hiyo miezi mitatu naisisitiza. Wiki za mwanzo ni pilau na wageni, kila mtu anacheka. Balaa huanza wageni wakishaondoka.

Wala hatuanzi na sifuri. Tuna Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangwa kwenda 2021/22 hadi 2025/26, kwa watoto wa miaka 0 mpaka 8. Awamu inayofuata ikiandikwa, familia za wanaotoka kwenye misheni ziandikwe humo kwa jina. Jeshi lina hospitali ya Lugalo na lina shule zake. Walimu wa shule hizo wakipewa tu taarifa kwamba mzazi wa fulani yuko misheni au karudi mwezi uliopita, tayari ni hatua.

Kuna mwenzetu aliniuliza, hili linatuhusu nini sisi vijana wa upinzani? Asome Katiba, ibara ya 147. Mwanajeshi haruhusiwi kujiunga na chama chochote cha siasa. Anapiga kura, lakini kadi hana, jukwaani hapandi, kwenye vyombo vya habari hawezi kwenda kulalamika kwamba mtoto wake hamjui. Mkewe naye anaogopa kumharibia kazi. Kwa hiyo mwalimu akigoma mnasikia, daktari akinung'unika mnasikia, hawa hamtawasikia. Hatuwatafutii kadi. Kadi hawawezi kuchukua hata wakitaka.

Na lile la "mambo ya jeshi ni siri" lisituzibe mdomo. Idadi ya silaha ni siri, sawa. Kumfundisha baba namna ya kukaa tena na binti yake ni siri ya nani?

Hotuba ya bajeti ya Wizara ya Ulinzi na JKT husomwa kila mwaka na huwa na kurasa za kuwapongeza walinzi wa amani. Tuwaandikie wajumbe wa Kamati ya Bunge ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama, kila mmoja, wa chama chochote, wamuulize waziri swali moja la nyongeza: kwa kikosi kilichorudi mwaka huu, ni shilingi ngapi zimetumika kwa wake, waume na watoto waliokuwa wanakisubiri, na ziko kwenye kasma namba ngapi?